Kuikimbia Baridi kwa Gari-Nyumba: Kutoka Minneapolis Hadi Bonde la Rio Grande

Bomba la maji likipasuka kwa barafu, hutajua siku hiyo. Maji yaliyoganda hayavuji. Utajua siku ya nne, ukiwa umeshafika Texas, jua limetoka, koti umelitupa nyuma ya kiti, unamwambia mama kwamba sasa anaweza kuoga. Hapo ndipo utakaposikia maji yakitiririka ndani ya kabati la sufuria.

Mimi nilijua hivyo hivyo. Nilikuwa nimeipanga safari ile kwa miezi mitatu: tutaegesha wapi, tutaona ndege gani, siku gani tutakula kamba wa Ghuba ya Mexico. Ambacho sikukipanga ni siku mbili za kwanza, za kutoka kwenye baridi yenyewe. Ukizipanga hizo vizuri, hizo nyingine zinajipanga.

Mwongozo huu ni wa mtu wetu anayeishi Minneapolis, St. Paul, Brooklyn Park au popote karibu na hapo, aliyezikusanya siku zake za likizo moja moja kama sarafu za kibubu, na sasa anataka kushuka nazo kusini kwa gari-nyumba, lile ambalo huku kila mtu huliita RV. Labda una watoto. Labda, kama mimi, una mzazi aliyekuja kukutembelea na visa yake ikaangukia miezi mibaya. Wastani wa joto la Januari Minneapolis, ukichanganya mchana na usiku, ni kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Mama alikaa dirishani wiki mbili, leso ameifunga juu ya sweta, akiitazama theluji ya maegesho, na kila jioni swali lake lilikuwa lile lile: "Hawa watu huanika nguo wapi?"

Kwa nini Texas, wala si Florida au Arizona? Kwa sababu ya barabara. Barabara kuu ya I-35 inaanzia Duluth, kaskazini mwa Minnesota, inapita mjini kwetu, na inateremka moja kwa moja hadi Laredo kwenye mpaka wa Mexico, maili 1,568, bila kupanda mlima wowote wa kutisha. Unapita Des Moines, Kansas City, Wichita, Oklahoma City, Dallas au Fort Worth, Austin, San Antonio. San Antonio unaiacha, unashika I-37, kisha US 281 au US 77 mpaka Bonde la Rio Grande: McAllen, Mission, Harlingen, South Padre Island. Jumla ni kama maili 1,500, yaani kilomita 2,400. Ni kama kutoka Mombasa hadi Kampala na kurudi. Mchana wa Januari kule McAllen hufika nyuzi 21 hivi. Wazee wa Minnesota na Iowa wameijua njia hii tangu zamani, na wenyeji wamewapa jina kabisa: Winter Texans, Watexas wa majira ya baridi.

Kama huna gari, piga hesabu kabla ya kuweka sahihi. Makampuni mengi hutoza kwa usiku, halafu kwa maili, halafu kwa kila saa ambayo jenereta imewaka. Tuseme maili ni senti 40: kwenda na kurudi, maili 3,000, ni dola 1,200 kabla hujalipia usiku hata mmoja. Mafuta je? Gari la ukubwa wa kati, lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, huenda maili 8 hadi 10 kwa galoni. Chukua 9. Ni galoni kama 333, na galoni ikiwa dola 3, ni dola 1,000. Kuna wiki ambazo ni nafuu kupanda ndege hadi San Antonio na kukodi gari huko huko, na huendeshi hata maili moja ya theluji. Kwa mtu mwenye wiki moja tu, ambaye hajawahi kushika usukani wa gari refu, nasema bila kuona haya: panda ndege. Kutoka nalo nyumbani kuna maana ukiwa na wiki tatu au zaidi.

Ukikodi, uliza maswali mawili ambayo karani hatakuambia usipouliza. La kwanza, je, mkataba unaruhusu kutumia maji ya gari wakati wa baridi, na likiganda nani analipa? La pili, je, bima inahusu paa? Magari haya yana urefu wa futi 11 au 12 kwenda juu, na dereva mpya hulisahau hilo siku ya pili, njaa ikimuuma, anapoingia chini ya kipaa cha duka la baga. Andika urefu wa gari lako kwa kalamu nene, ubandike karibu na usukani.

Toka bila maji

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Gari-nyumba lililohifadhiwa kwa baridi huwa limekaushwa. Mwenyewe alimwaga maji yote msimu wa majani kupukutika, kisha akasukuma ndani ya mabomba dawa ya rangi ya waridi inayozuia kuganda. Dawa hii si ile ya kijani ya injini, ambayo ni sumu. Ya mabomba ni ya aina yake na huuzwa kwa galoni kwenye maduka ya vifaa. Ukifungua bomba la jikoni, utaona tone la waridi. Liache hapo hapo. Usilisuuze, usijaze tangi, hata kama moyo unakuambia kwamba nyumba isiyo na maji si nyumba.

Mimi nilijaza galoni 40 nyumbani, eti mama asikose maji ya chai. Usiku wa kwanza tulilala kaskazini mwa Iowa, nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na hita inanguruma ndani. Sisi tulilala na joto. Bomba lililopita nyuma ya kabati, limeegemea ukuta wa nje, halikulala na joto. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na plastiki haina pa kwenda. Fundi wa San Antonio alinionyesha ufa wenyewe: ulikuwa na urefu wa ukucha. Kuutengeneza ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Kukausha sakafu kulichukua siku mbili.

Basi fanya hivi. Maji ya kunywa na kupikia yaweke kwenye madumu ya galoni 5, ndani, karibu na hita. Mikono na uso, tumia birika na beseni. Sote tumekulia humo, hakuna atakayelalamika. Chooni, badala ya maji, mimina kikombe cha ile dawa ya waridi kila baada ya matumizi. Galoni mbili tatu zitawatosha watu wanne mpaka Oklahoma. Kutoka mkavu kuna faida nyingine: galoni 40 za maji zina uzito wa kama kilo 150, na huo ni uzito ambao breki zako hazitauhitaji kwenye barafu.

Tangi utalijaza pale tu utabiri utakapoonyesha usiku tatu mfululizo juu ya sifuri. Kwa wiki nzuri ni Waco. Kwa wiki ya kawaida ya Januari, mimi nangoja San Antonio. Mimina jiki isiyo na manukato, robo kikombe kwa kila galoni 15, ujaze maji, ufungue kila bomba mpaka rangi ya waridi iishe: la jikoni, la bafuni, la moto na la baridi, na lile bomba dogo la kuogea lililo nje ya gari ambalo kila mtu hulisahau. Acha yakae saa chache, uyamwage, ujaze mengine. Na kabla ya kuwasha hita ya maji, hakikisha umerudisha koki zake mahali pake na imejaa. Hita ya umeme ikiwashwa kavu, koili yake huungua papo hapo, na harufu yake utaijua maisha yako yote.

Chagua siku, usichague tarehe

Watu huomba ruhusa kazini kuanzia Jumamosi, basi Jumamosi wataondoka, dhoruba au hakuna. Ukiweza, ongeza siku tatu za kungoja mwanzoni. Unachongoja ni siku inayofuata dhoruba: magari ya kusukuma theluji yameshapita, anga limetulia, baridi imekuwa kali na kavu. Mgeni huogopa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mimi naogopa sifuri yenyewe, pamoja na manyunyu. Baridi kali huifanya barabara kuwa kavu kama ubao. Ni mvua ya nyuzi sifuri inayoganda ikigusa lami ndiyo inayoua, na huko kusini ndiko inakopenda kukaa.

Asubuhi ya Februari 11, 2021, kwenye I-35W ndani ya Fort Worth, zaidi ya magari 130 yaligongana juu ya barafu nyembamba isiyoonekana, na watu 6 wakafa. Hiyo ni Texas. Kwa hiyo usiuvue uangalifu wako ukivuka mto na kuingia jimbo lile. Oklahoma na kaskazini mwa Texas hupata barafu ya aina hii, na magari ya chumvi huko ni machache kuliko kwetu. Ukisikia neno barafu kwenye utabiri wa Oklahoma City au Dallas, simama Wichita, nunua samaki, pika, lala. Kila jimbo njiani lina huduma yake ya kueleza hali ya barabara. Isome asubuhi na usome ya jimbo lililo mbele yako, si ulilomo.

Adui mwingine ni upepo. Kutoka Emporia kwenda kusini unaingia vilima vya Flint Hills huko Kansas, malisho matupu, hakuna mti wa kukukinga, na gari-nyumba ni ukuta wenye magurudumu. Kanuni yangu, si ya serikali: vishindo vya upepo vikizidi maili 40 kwa saa na vinatoka ubavuni, sitoki. Sehemu hiyo ya barabara, kuanzia Emporia hadi mpaka wa Oklahoma, ni ya kulipia. Tangu Julai 2024 hawapokei fedha taslimu. Kamera husoma namba ya gari na bili huja kwa posta. Ukiwa umekodi, itaenda kwanza kwa kampuni, nayo mara nyingi huongeza ada yake. Ulizia mapema.

Desemba, jua la Minneapolis huchomoza saa mbili kasoro asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Endesha ndani ya saa hizo tu. Kwa mwendo wa gari-nyumba, maili 250 hadi 400 kwa siku zinatosha. Mgawo wangu ni huu: siku ya kwanza Des Moines, ya pili Wichita, ya tatu Ardmore kusini mwa Oklahoma, ya nne San Antonio, ya tano Bondeni. Dereva wa gari dogo atakucheka kwa siku tano. Mwache acheke.

Usiku wa kwanza, na wa pili ikibidi, lala hotelini. Najua, umelipia nyumba ya kutembea nayo, halafu unalipa tena kitanda. Lakini viwanja vingi vya kambi vya Minnesota na Iowa hufunga mabomba yao tangu vuli, na hoteli ya barabarani ni rahisi kuliko sakafu mpya. Mama alale pazuri, aoge maji moto, gari likae nje likiwa kavu kama lilivyo. Kambi yako ya kweli ianzie Oklahoma.

Tairi na upepo wake

Magari haya hukaa mwaka mzima yamesimama, kwa hiyo tairi huzeeka kabla ya kuisha. Tazama ubavuni mwa tairi maandishi ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, na mimi tairi hiyo siiendei Texas, hata kama meno yake yanang'aa. Upepo upime asubuhi kabla ya kuondoka, na upime tena kila asubuhi, maana hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit zinazoshuka. Kutoka baridi ya Minnesota hadi joto la Bondeni tofauti inaweza kupita nyuzi 60 za Fahrenheit. Ulizojaza nyumbani zikiwa sawasawa zitakuwa zimezidi ukifika. Na kusini mwa Austin, kwenye barabara ya kulipia ya 130, utaona alama ya mwendo ya maili 85 kwa saa, kubwa kuliko zote Marekani. Haikuhusu wewe. Barabara hiyo ichukue kwa sababu inakuepusha na foleni za Austin, ukae kulia, maili 60.

Joto la ndani

Hita ya gari-nyumba hutumia gesi ya propeni, na propeni haishindwi na baridi yetu. Huendelea kugeuka mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kinachoshindwa ni betri. Feni inayosukuma joto hula umeme usiku kucha, na betri za kawaida hupoteza nguvu nyingi kwenye baridi. Saa tisa usiku feni inazimika, gesi imejaa na watu wanatetemeka. Ndiyo sababu nyingine ya kulala pale palipo na soketi ya umeme. Kama betri zako ni za lithiamu, hizo zisichajiwe chini ya nyuzi sifuri. Nyingi za kisasa hujizuia zenyewe, lakini soma kijitabu chake.

Sasa sikiliza hili. Usiwashe jiko la kupikia ili kupasha moto chumba. Sote tunajua habari ya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa mvua, wakafunga mlango, wasiamke. Gesi ile ile isiyo na harufu hutoka kwenye jiko la gari-nyumba, na chumba hiki ni kidogo kuliko chumba chochote ulichowahi kupanga. King'ora cha hewa ya sumu kina tarehe ya mwisho wa matumizi nyuma yake. Kama imepita, nunua kipya leo. Ukisonga ugali, fungua kidirisha cha paa kidogo. Itasaidia pia unyevu: watu wanne wanaopumua na sufuria moja inayochemka hulowesha madirisha mpaka magodoro.

Na kuhusu ugali: beba unga kutoka kwetu. Maduka ya Bondeni yamejaa unga wa mahindi, lakini mwingi ni masa, uliotokana na mahindi yaliyochemshwa na chokaa kwa ajili ya chapati za Kimeksiko. Nilijaribu. Mama alionja, akaweka kijiko chini, akaomba wali. Matunda usibebe, kwa kuwa Bondeni msimu wa baridi ndio msimu wa machungwa na mabalungi mekundu, yanauzwa kando ya barabara kwa mfuko.

Karatasi

Sehemu hii haimo kwenye miongozo ya wazee wa Iowa, kwa sababu wao haiwahusu.

Ukiwa Bondeni uko jirani na mpaka. Kurudi kaskazini, iwe kwa US 77 au US 281, kuna kituo cha walinzi wa mpaka, kimoja karibu na Sarita na kingine karibu na Falfurrias, na magari yote husimama. Utaulizwa uraia wako na wa kila aliye ndani. Sheria ya Marekani inamtaka kila asiye raia mwenye umri wa miaka 18 na zaidi atembee na kitambulisho chake cha uhamiaji: kadi ya ukaazi, kibali cha kazi au, kwa mzazi aliyekuja kutembea, pasipoti yake pamoja na fomu ya I-94 iliyochapishwa. Si picha ya simu. Si "nimeiacha nyumbani Brooklyn Park". Tia karatasi zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, dereva aujue ulipo. Sisi tulipofika, kijana wa zamu aliifungua pasipoti ya mama, akaangalia visa, akasema safari njema. Ilichukua dakika mbili, kwa sababu karatasi zilikuwepo.

Jirani zako kambini watakualika mvuke daraja kwa miguu mwende Nuevo Progreso, upande wa Mexico, kununua dawa na kung'oa meno kwa bei nafuu. Ni matembezi mazuri kwa raia. Kwa mwenye visa ya kuingia mara moja, au mwenye maombi ya hifadhi yanayosubiri, ni daraja la kuvukwa baada ya kuongea na wakili wa uhamiaji, si kabla. Mwombaji hifadhi anayetoka bila ruhusa ya mapema anaweza kuhesabiwa ameyaacha maombi yake, kwa ajili ya kopo la dawa ya shinikizo la damu.

Bondeni

Kambi nyingi za McAllen, Mission na Harlingen ni za watu wa miaka 55 na kuendelea, kisheria. Familia yenye watoto hupokewa siku chache kama wageni wa babu, au haipokewi kabisa. Uliza kabla ya kutuma amana. Ukiwa na watoto, angalia Isla Blanca, kambi ya kaunti pale South Padre Island, au mbuga za jimbo, ambazo huweza kuwekewa nafasi hadi miezi mitano kabla. Kwa Januari, hiyo ina maana ya Agosti na Septemba. Bei ya mwezi mzima huwa nafuu sana kuliko ya usiku mmoja mmoja, ila kwa mwezi umeme hulipwa pembeni, na hapo ndipo hita ndogo ya umeme inapokutia hasara.

Ukiwa na siku mbili za ziada, pinda kwenye pwani ya Rockport, ulale mbuga ya Goose Island. Karibu na hapo, kwenye hifadhi ya Aransas, korongo weupe wakubwa huja kupisha baridi kutoka mbuga ya Wood Buffalo nchini Kanada, safari ya maili kama 2,500 kwa mabawa. Mwaka 1941 walikuwa wamebaki kama 15 tu katika kundi hilo; sasa wamepita 500. Mama aliwatazama kwa darubini ya jirani, akasema nao wamekuja likizo.

Ufukweni Padre Island magari yanaruhusiwa kwenye mchanga, na utaona watu wameegesha mawimbini. Gari-nyumba la tani 5 libaki kwenye lami. Trekta la kukuvuta lina bei yake na halina haraka.

Hata huku, gesi isishuke chini ya nusu. Februari 2021 baridi iliteremka mpaka Bondeni, umeme ukakatika sehemu nyingi za Texas siku kadhaa, na maelfu ya kasa waliopigwa na baridi baharini walikusanywa na kulazwa sakafuni katika ukumbi wa mikutano wa South Padre Island mpaka maji yapate joto. Wenye gesi ya kutosha walikaa magarini mwao, wengine walihangaika.

Kurudi

Kurudi usifanye haraka. Machi ya Minnesota bado ina theluji, na dhoruba za Aprili si habari mpya kwa mtu aliyekaa hapa mwaka mmoja. Gari likiwa la dizeli, usifike Iowa na tangi lililojazwa Texas: dizeli isiyotayarishwa kwa baridi huanza kuganda kama samli kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri na kuziba chujio. Jaza Kansas, ujaze tena Des Moines, ili kaskazini uingie na mafuta ya kaskazini.

Na maji yote yamwage Ardmore, kabla ya usiku wa kwanza wa baridi. Fungua koki ya tangi, fungua mabomba yote na lile dogo la nje, toa maji ya hita, kisha sukuma dawa ya waridi mpaka uione inatoka kila mahali. Galoni tatu zinatosha, na Ardmore zinaweza kuwa zimekwisha dukani, kwa hiyo zinunue Minneapolis siku ya kuondoka, uziweke chini ya kitanda na uziache hapo mpaka siku hiyo.